Kati ya Tano Mbili

Chagua siku, akasema nesi Lorraine,
moja tu katika wiki, na ukishaichagua ukae nayo.
Akaandika "6" kwenye lebo, akaizungushia duara mara mbili.
Nikashuka na basi hadi Burngreave, mfuko mapajani,
kama mtu aliyepewa mayai ya mwenziwe.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita.
Chupa iko kabatini, nyuma ya bizari.

Karatasi yake nimeisoma hadi mikunjo imechanika.
Nywele. Ini. Mapafu. Vidonda mdomoni.
Mara chache, inasema, mara chache sana,
nami najiuliza huyo mmoja katika elfu kumi
anakaa mtaa gani,
na kama naye alichemsha chai kwanza.

Mwanakheri kapiga simu kutoka Tanga:
"Hiyo si ndiyo dawa ya saratani?"
Nikamwambia ndiyo hiyo, ila kidogo, chumvi ya kuonja.
Akanyamaza. Nikasikia feni yake inazunguka.

Wanasema kinga yangu mwenyewe imenigeuka:
mlinzi wa getini kalewa, anampiga mwenye nyumba.
Dawa itamlaza.
Sawa, alale.
Na akilala, getini atabaki nani?
Hilo sikumuuliza Lorraine. Nilimuuliza maegesho yako wapi,
na gari sina.

Asubuhi hii nimeshindwa na kifuniko cha jamu.
Mimi, mpishi wa watoto mia mbili,
ninayemenya karoti gunia zima kabla ya saa nne.
Nimekifunga taulo. Nimekigonga mezani. Nimekibembeleza.
Nimekula mkate mkavu, wima,
katika mji uliofua visu vya nusu ya dunia,
na kisu cha siagi kimenidondoka mara mbili.

Basi, siku.
Jumatatu kuna treya nzito.
Ijumaa sitaki kichefuchefu kwenye sijida.
Jumamosi namsuka Rukia, vidole vikikubali.
Jumapili ni ya Bwana Desmond, jirani;
kanieleza juu ya ua, uma wa kulimia mkononi:
"Mwaka wa kumi na mmoja huu. Jumatatu mimi ni mbwa aliyenyeshewa,
Jumanne nachimba viazi."
Na ulipoanza, uliogopa?
Akauchomeka uma udongoni.
"Mke wangu alipokuwa anafungua chupa
mimi nilishatangulia bafuni, natapika.
Sijameza hata kimoja."

Nikacheka hadi mbavu zikauma,
mahali pekee pasipokuwa pananiuma.

Kisha nikahesabu tena, kwa vidole vilivyovimba:
mosi, pili, tatu, nne, tano,
halafu lugha yetu inajikwaa,
inaitaja tano tena kwa Kiarabu:
Jumatano, Alhamisi.
Juma letu lina tano mbili!
Miaka hamsini na moja naitamka wiki hii
na sikuwahi kuuona huo ufa,
pale hesabu inaposimama, inavuta pumzi
kabla ya kuendelea.
Kitu kidogo kinaweza kupenyezwa pale.

Leo, saa nne usiku, mvua ya mawe dirishani,
nimeitoa chupa nyuma ya bizari.
Kifuniko chake kimetengenezwa kuwashinda watoto.
Kimenishinda mimi.
Nikamwita Rukia. Akaja na soksi moja,
akabonyeza, akazungusha, tak,
akarudi kwenye simu yake bila kuuliza.

Sita. Manjano, kama punje za mahindi.
Bismillahi, ile ya kuanzia chakula, basi.
Maji. Moja. Maji.

Hofu haijatoka. Imeketi kiti cha pili, na koti lake,
nami sikuikaribisha wala sikuifukuza.
Nimeosha glasi.
Kwa saa ya ukutani bado ni Jumatano.
Kwa mama yangu, Mungu amrehemu,
aliyeanza siku zake jua likizama,
ni Alhamisi tangu Magharibi,
na mimi nimeshachelewa kulala.